Zahoro, Mdomo wa Filamu Bubu

Baada ya miaka ishirini na mbili ya kutafsiri filamu katika banda letu la video hapa mtaa wa Gerezani, Bwana Zahoro Hashimu anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Januari 2026. Naandika mimi, Idrisa wa mlangoni, niliyefika Mombasa hadi Lubumbashi na bado sijaona mdomo kama ule.

Kiingereza alikuwa hajui. Wangapi wanakijua na hawana la kusema? Mchina akirusha teke, Zahoro alitueleza na chanzo cha ugomvi, ambacho Mchina mwenyewe alikuwa hakijui.

Lakini ufundi wake ulikuwa kwenye filamu moja ya zamani, isiyo na sauti hata chembe: baharia kapotea, mkewe anafua nguo za watu na kumkataa tajiri mwenye masharubu. Likiandikwa neno moja kwenye kioo, Zahoro alihutubia. Maandishi yakijaa kioo kizima, alisema, "Kakataa." Tajiri alimpa sauti ya mwenye nyumba anayepandisha kodi, banda zima likazomea.

Sasa, Maimuna, mjane anayetuuzia chapati, filamu hiyo hakuikosa. Mara tukasikia baharia anasifia chapati. Ulaya yote ile, chapati! Wiki iliyopita Zahoro akapitiliza: "Mimi baharia nimechoka kula peke yangu. Utanikubali?"

Maimuna akasimama na beseni lake. "Mwambie huyo wa kwenye kioo anyamaze. Mwenye shida aje aulize mwenyewe."

Zahoro akaja mbele, mwanga wa filamu ukimpitia usoni. Mtu aliyewasemea Wahindi na Wachina akabaki anapunga mikono tu. Na yule mama si wa kusubirishwa. Tayari alikuwa anaangalia mlango.

Hapo, bila kujisifu, nikaingia kazini. "Anasema anakupenda!" nikatafsiri.

Zahoro akaitikia kwa kichwa.

"Anasema ataosha vyombo!"

Akanikata jicho. Maimuna akacheka mpaka akakaa. "Hilo la vyombo, baba, nataka nilisikie kwako."

"Nitaosha," akasema Zahoro, kwa kisauti ambacho hakumpa mwigizaji yeyote.

Harusi ni Jumamosi, kisha wanahamia Ilala kufungua mgahawa. Ahsante, kaka, kwa maneno yote uliyotupa, ya kweli na ya kwako. Mungu akujalie ndoa yenye kelele. Vyombo vikikushinda, usituite.