Bi. Orihara Towako, Aliyefunika Bila Kuharibu

Machi 31 mwaka huu wa 2024, Bi. Orihara Towako anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Uchapishaji ya Kurehashi, hapa mtaa wa Kanda, Tokyo, kwa miaka arobaini na mitatu. Katika muda wote huo jina lake halikuwahi kuchapishwa popote. Sote kwenye magazeti ya watu wazima ya kampuni hii tulitumia majina ya bandia, lakini yeye hata la bandia hakutaka. Leo ameridhia jina lake litoke, na kuridhia kwenyewe hakukuwa kazi ndogo.

Aliajiriwa Aprili 1981, akiwa na miaka ishirini na miwili, katika magazeti yetu ya hadithi za picha za mapenzi, yale ya watu wazima. Kazi yake ilikuwa kufunika. Sheria iliwaruhusu wapenzi kitandani, ila sehemu fulani za mwili zisionekane. Wachoraji walichora kila kitu bila kujibana, kisha mtu wa kufunika akapaka rangi nyeupe pale palipokatazwa. Kwenye kampuni nyingine rangi ilipakwa juu ya mchoro wenyewe, na mchoro ndio ukawa umeharibika hivyo.

Bi. Orihara alikataa tangu wiki ya kwanza. Aliweka juu ya kila ukurasa karatasi laini inayopitisha mwanga, akapaka kwenye hiyo, mchoro ukabaki mzima chini yake. Kazi ilichukua muda maradufu, na mkurugenzi wa wakati huo, marehemu Mzee Kurehashi, akamjia juu: "We binti, haya ni magazeti ya kusoma kwenye treni na kuacha kitini. Nani atayakumbuka?" Mgeni huyo wa siku sita akajibu kwa adabu zote: "Sheria imetukataza kuchapisha, Mkurugenzi. Haijatuamuru tuharibu." Mzee alinuna hadi saa ya chakula, halafu akaagiza karatasi zaidi zinunuliwe.

Nisimpambe kupita kiasi. Mwaka 1994 tulijaribu kutoa kitabu cha mapishi, na kurasa zikapitia mezani kwake kama kawaida. Mkono uliozoea haukuuliza. Uyoga mmoja mnene wa msimu wa vuli, umesimama wima kwenye sahani, ulifunikwa wote kwa rangi nyeupe, na nakala elfu tatu zikatoka hivyo. Mimi ndiye niliyepokea simu za akina mama wakiuliza uyoga umefanya kosa gani. Hadi leo hatumuachi salama, na kila vuli huletewa uyoga mezani ukiwa umevikwa leso.

Hakuna aliyejua mchango wake mpaka mwaka jana, jumba moja la makumbusho lilipoanza kukusanya michoro ya asili kwa maonyesho ya historia ya sanaa hii. Kila walikopita walikuta kurasa zilizopakwa na kukwanguliwa. Kwetu walikuta kurasa elfu mbili na mia tatu, safi kama zilivyotoka mkononi mwa wachoraji. Mzee Tadokoro Genpei, mchoraji wetu mwenye miaka themanini na minne, aliinua ile karatasi laini akaona mstari wake wa mwaka 1985, akalia mbele yetu bila haya. Tulijivuna siku ile, nami najivuna ninapoandika haya.

Jumba likataka jina la aliyezihifadhi liandikwe ukutani. Bi. Orihara akagoma. Huko mkoani Akita ana mama yake, fundi wa kushona kimono, mwenye miaka tisini na mmoja, ambaye miaka yote aliamini bintiye anahariri gazeti la bustani. Kwa ajili ya uongo huo Bi. Orihara alijisomea vitabu vya kilimo ili kujibu maswali ya mama kuhusu mbilingani, na mbilingani zikastawi kweli. Aliogopa kumwaibisha mbele ya majirani katika umri ule. Alituambia heri jina lipotee.

Mwezi uliopita alipanda treni, akaenda kusema ukweli. Alipiga magoti, akamwekea mama gazeti moja la zamani na nakala za michoro yake isiyofunikwa. Mama akavaa miwani, akalinganisha ukurasa kwa ukurasa, bila haraka, kama anayekagua mshono. Mwishowe akauliza: "Towako, watu wazuri namna hii, ulikuwa unawafunika ya nini?" Kisha akamwagiza aandike jina lote, la ukoo likiwa la kwanza.

Mama huyo yumo ukumbini leo, safu ya mbele, na ameomba akae karibu na Mzee Tadokoro.

Bi. Orihara Towako, asante kwa kila ukurasa. Tunakuombea siku ndefu zenye heri, na popote uendapo watu wakuite kwa jina lako.