Yupo Hapa, Shemeji

Benchi letu limekaa kati ya kibanda cha Kinyozi na karakana ya Sponji, fundi makochi, na kahawa tunauziwa na Mama Birika, mwanamke asiyemung'unya maneno. Sheria yetu ni moja: mke wa mwenzetu akipiga simu, aliye karibu anapokea na kusema jamaa yupo, ila ametingwa. Tangu daktari amkataze Sponji pombe kwa ajili ya ini lake, yeye huiacha simu benchini akaingia baa, nasi humwambia mkewe kwamba mumewe yuko mazoezini, anakimbia. Tulijiona wajanja kweli! Basi jana mwanawe wa sekondari hakurudi nyumbani, na leo asubuhi Sponji amekuja na macho mekundu, hata kikombe hakugusa.

— Nimewapigia rafiki zake watatu, akasema. Wa kwanza: "Yupo kwetu, mzee, anaoga." Wa pili: "Yupo kwetu, amelala." Wa tatu: "Yupo hapa hapa, anasali."

— Si basi yupo! akasema Kinyozi.

— Nyumba tatu kwa mpigo? Una akili wewe?

Mama Birika akaguna.

— Na hao nao wamejifunza wapi?

Tukajifanya hatukusikia. Profesa, karani mstaafu, akakohoa kwanza, maana yeye hasemi bila kukohoa.

— Ni hizi simu. Zina mawimbi. Yanaingia kwa sikio hili, yanatokea lile yamebeba adabu yote.

— Simu wapi! Ni kuku wa kisasa, akasema Kinyozi. Kuku yule hakulelewa na mama, katotolewa na mashine. Mtoto akimla, naye hataki kukaa kwao.

— Wewe nyamaza, nikamwambia. Ni wewe uliyemnyoa pembeni kote ukamwachia kishungi cha jogoo utosini. Baridi ikipiga kichwa nusu, mtu anakuwa nusu.

— Alilipa nani? Baba yake!

— Tusibishane, akasema Profesa. Wahenga walishamaliza: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mamaye! Baba katajwa wapi hapo?

— Angetajwa vipi, akasema Mama Birika, na alikuwa mazoezini?

 Nikajitia kupuliza kahawa yangu iliyokwisha poa.

— Juzi nilimnusa, Sponji akasema taratibu. Pombe. Nikamchapa mpaka mkono ukaniuma. Mnajua alinijibu nini? "Baba, nilikuwa nakimbia tu."

Akafunika uso kwa viganja, akalia. Mtu mzima analia mchana kweupe, na sisi tunaangalia viatu vyetu.

Hapo simu yake ikaita juu ya benchi. Mkewe. Kabla Sponji hajainua kichwa, mkono wa Kinyozi ulishafika.

— Shemeji! Ondoa shaka, yupo hapa. Nani, kijana? Eeh... yupo, yupo. Anakunywa kahawa.

Tulisikia sote yule mama alivyopiga kelele za furaha. Mungu mkubwa, alisema, msimwache aondoke, nakuja, mwambieni sitamgombeza.

— Umefanya nini, mwanaharamu wewe? Sponji akamkaba shati.

— Sijui! Wallahi sijui. Mdomo umezoea.

— Mpigie umwambie ukweli!

— Mpigie wewe, ni mkeo.

— Profesa, piga wewe, una lugha nzuri.

— Mambo ya mke na mume hayaingiliwi.

Wanaume wazima wanne, na simu imelala katikati yetu kama kinyesi cha paka, kila mtu anajisogeza mbali nayo. Nasi tulikuwa tunauliza watoto wameharibiwa na nini!

Mama Birika alikuwa anafunika birika lake aondoke alipotokea mke wa Sponji. Alikuja mbio, kandambili moja imekatika kaishika mkononi, sweta la mwanawe begani. Alikuwa anatabasamu huku anahema.

— Asanteni sana, shemeji zangu. Haya, yuko wapi?

Profesa akakohoa, akaishia hapo. Sponji aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Na Kinyozi, naapa, bado mdomo wake ulikuwa unatafuta la kusema.

Shemeji hakungoja jibu. Alilisukuma pazia la karakana, akachungulia nyuma ya makochi yasiyo na vitambaa, na tukamsikia anaita kwa sauti ya chini, ya kubembeleza:

— Toka, mwanangu. Hakuna atakayekupiga.