Siku ya Kinyozi Kupumzika

Kinyozi aliyekaa mbele yangu kwenye basi alipiga miayo hadi akatuambukiza. “Jumapili nina mashindano,” alimweleza mama aliyekaa naye. “Naogelea, napanda baiskeli, halafu nakimbia, hatua zote tatu siku moja. Sijawahi kwenda masafa marefu hivyo.”

“Kwani nani anakukimbiza, mwanangu?”

“Hakuna, mama.”

“Basi kaa nyumbani.”

“Hata mke wangu kaninunia. Miguu imekwisha. Afadhali leo kocha kasema nipumzike, nisiguse kitu.”

Katikati ya mlima basi likazima. Kondakta akaita wanaume tushuke tukasukume. Kinyozi akafumba macho, akajifanya amelala.

“Amka, baba,” mama akamwambia, huku akimpokea mkoba. “Hatua ya nne ndiyo hii, kocha wako kaisahau.”