Mukono Uliomuachilia Dada

Ndugu zangu, wa musikiti na wa kanisa, nawasalimu wote. Mumeniomba nieleze namna nilivyoinuka. Lakini nikianza hapo nitakuwa nawadanganya. Lazima nianze na mutu aliyeanguka kutoka mukononi mwangu.

Munajua ekipe yetu, kile kikundi cha sarakasi hapa Kasongo. Tunapanda vitambaa virefu vilivyofungwa juu ya miti tuliyosimamisha, tunajizungusha hewani, na ngoma zinalia chini. Wengine wanasema ni mambo ya Wazungu. Hapana! Babu zetu walipanda michikichi na mukanda wa kamba ya pori kiunoni, wakigema pombe huku wanaimba. Sisi tunaendeleza yao.

Muchezo wetu mukubwa ulikuwa wa zamani zile, misafara ya watumwa ilipopita huku ikikamata watu. Mwanamuke anaikimbia, anapanda mpaka juu kabisa, anaruka, na wahenga wanamupokea hewani. Mwenzangu, niliyemuita dada, mutoto wa wakulima wa Kabambare, ndiye alikuwa yule mwanamuke. Miye, wa familia ya biashara ya mujini, nilikuwa muhenga, nimening'inia kichwa chini, nimenyoosha mikono. Nyumbani kwetu hakuna anayesema babu yetu alikuwa upande gani wa ile misafara. Miye nilijua. Ndiyo sababu niliomba ile nafasi ya kushika.

Siku ile ya ajali aliruka vizuri. Nilimushika. Halafu jasho, ndugu zangu, jasho tu. Mukono wake ukateleza ndani ya wangu kama samaki. Niliona uso wake ukienda chini.

Wakubwa wa ekipe walikagua kila kamba, wakasema hakuna kosa. Lakini sokoni mutu mumoja alisema nyuma yangu: "Babu zao waliwashika wa kwetu. Leo wao wamemuachilia." Neno lile liliniingia, na sikuweza kulitoa.

Yeye alikuwa hospitali, mugongo umeumia. Miye nilifika mpaka mulangoni, nikasikia sauti yake, nikarudi. Nikapanda pikipiki mpaka Salamabila, nikawa mupishi wa wachimbaji wa dhahabu. Kulala hakukuja. Nikifumba macho, vidole vinajifunga vyenyewe.

Kumbe, alipotoka hospitali, yeye ndiye alinitafuta. Nilikuwa nasonga bugali, nikaona pikipiki inasimama, mwanamuke anashuka pole pole, anaegemea gongo lake la kutembelea.

"Mudogo, habari ya kunikimbia?"

Mwiko ulianguka. "Dada, miye nilikuachilia."

"Uliniachilia hewani. Ile sikukukasirikia, hata miye mukono wangu ulikuwa na jasho. Lakini pale kitandani nilikuwa naita jina lako, wananiambia umeenda. Ile ndiyo iliniuma, mudogo. Inaniuma mpaka leo."

Nawaambia kweli, ningependa anipige. Nilipiga magoti nikalia. Akanigusa bega na gongo lake.

"Sasa simama. Nataka kupanda tena. Miguu haina nguvu, lakini mikono iko."

"Nani atakushika?"

"Nimetoka Kasongo na huu mugongo kuja kuuliza nani?"

Tukarudi pamoja. Tulianza chini kabisa, juu ya magodoro, yeye amefungwa mukanda wa usalama. Mara nyingi nilikataa, nikaomba wamutafute mwingine. Alikuwa ananingoja, halafu anasema: "Tuendelee."

Siku ya kuonyesha watu, wenzetu walimuvuta juu kwa kamba, miye nikiwa nimening'inia kichwa chini. Mama yake alijifunika uso na kitenge. Dada akaachilia kitambaa chake. Nikamushika! Nilisikia mifupa ya mikono yake ndani ya yangu, na sikutaka kumushusha. Ni yeye aliniambia kwa sauti ndogo: "Basi, mudogo. Unaniumiza."

Ndugu zangu, siwaambii kama hatia imekwisha. Iko. Ninaamka nayo. Lakini sasa naibeba mbele yake, siyo mbali naye.

Aksanti kwa ekipe iliyonipokea. Aksanti kwa mama yake, aliyenipa chakula kabla hajaniuliza kitu. Na wewe uliyemuumiza mutu, hata bila kutaka, usimungoje akutafute yeye na gongo lake. Nenda. Ingia ule mulango.

Yeye mwenyewe iko pale nyuma, ananionyesha kwa mukono kama nimesema mengi. Nisamehe, dada. Nisogezee kiti, nakuja kukaa karibu nawe.