Milimita za Muema

Benchi la Shiko, muuza kahawa, liko nyuma ya ofisi za kaunti, limeegemea ukuta wa duka la vipuri vya tuktuk, na mguu wake mmoja ni tofali. Asubuhi hiyo ya Agosti wenye benchi walikuwa wamejifunika makoti, maana mtu akishakaa Garissa miaka minane, nyuzi ishirini na tano kwake ni baridi ya kulalamikia. Muema alikaa katikati, simu mkononi, kahawa yake ya tangawizi ikipoa. Yeye ni wa kikosi cha uokoaji cha kaunti, na alikuwa amechaguliwa kwenda Diani wiki mbili kujifunza kuzamia na mtungi wa hewa. Ujumbe wa walimu wa huko ulikuwa mfupi: msimu huu maji yamepoa, chagua unene wa nguo ya kuzamia, milimita tatu, tano au saba, na utujibu kabla ya saa nne.

Pale benchini hapakuwa na mtu aliyewahi hata kuigusa nguo hiyo. Hilo halikumfunga mtu mdomo.

— Leta hiyo simu nione, akasema Bulle. Bulle hununua ngozi pale soko la mifugo, na wanamwita Mizani kwa sababu hudai vidole vyake havijawahi kukosea. — Tatu hii ni ngozi ya mbuzi mbili, moja juu ya ingine. Tano ni ng'ombe. Saba ni ngamia, tena ile mzee. Wewe chukua ngamia.

— Kwa nini ngamia?

— Ushawahi ona ngamia ya kule Griftu inatetemeka? Usiku baridi yote inalala nje, asubuhi inaamka inatembea. Wallahi ni ngozi hiyo.

Peterson, karani wa mipango, akakohoa. Huyu ndiye Kamusi. Hajawahi kuulizwa swali akakosa jibu, liwe la kweli au la kutunga.

— Twende na sayansi, akasema. Mchana hapa ni nyuzi thelathini na saba. Maji ya Diani sasa ni kama ishirini na tano. Tofauti kumi na mbili. Kila nyuzi mbili, milimita moja. Jibu ni sita.

— Sita haipo, Muema akasema.

— Basi hilo ni kosa lao.

Shiko alikuwa anasuuza vikombe. — Ishirini na tano si ndiyo hii ya saa hii?

Wote wakayatazama makoti yao.

— Saba, akasema Kamusi.

Muema akacheka. Akawaambia alilosoma usiku: kwamba nguo yenyewe huingiza maji kidogo, yakakaa kati ya mpira na ngozi, na mwili ukayapasha joto.

— Ngoja, akasema Mizani. Nguo ya kuzuia maji inaingiza maji?

— Haizuii maji. Inazuia baridi.

— Sasa hiyo ni nguo ama ni ndoo?

— Mimi nimeielewa, Shiko akasema. Ni kama chupa yangu ya kahawa. Joto linatoka kwa kilicho ndani. Kwa hivyo Muema, kabla uingie, mimina kahawa moto humo ndani. Hautangoja mwili.

— Ya tangawizi, akaongeza Kamusi. Tangawizi inasukuma damu. Nilisoma mahali.

Mizani hakuwasikiliza. Alikuwa ameinuka, akamshika Muema kiunoni, juu kidogo ya mfupa, pale ambapo madalali humminya mbuzi kujua kama amenona. Akaminya kushoto, akaminya kulia, akatikisa kichwa.

— Huyu hana kitu. Mfupa, halafu shati. Sikiza vizuri, ndugu yangu: chukua saba, halafu hapa mgongoni washone mafuta. Nundu. Ngamia kamili.

— Mafuta yanaelea. Nitazama kweli?

— Wewe unataka kuzama ama unataka joto?

Hapo Muema hakucheka. Mafuriko ya mwaka jana alikuwa ameingia mto Tana kwa kaptura na kamba kiunoni, akimtafuta kijana aliyesombwa na maji akivusha mbuzi. Baada ya saa nzima meno yalianza kugongana, vidole vikakataa kushika kamba, akaomba avutwe. Kijana aliokotwa kesho yake, hatua thelathini chini ya pale Muema alipoacha kutafuta. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Hakutaka tena kutolewa mtoni na baridi.

— Mimi nataka nisitetemeke, akasema. Hilo tu.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika sita.

Hadiyo akafika, dumu la maziwa ya ngamia begani. Nyumba yake iko kule chini karibu na mto, na kila mvua kubwa huhamia shuleni na watoto. Akasalimia, akaomba kahawa nusu kikombe, akauliza kelele ni za nini. Shiko akamweleza yote, tatu, tano, saba, mpaka nundu.

Hadiyo akamgeukia Muema; yeye humwita adeer, yaani ami, naye Muema humwita eedo, shangazi.

— Adeer, hiyo nguo ni ya nani?

— Ya wale walimu, eedo. Wananiazima.

— Ukimaliza kusoma?

— Naivua.

— Na maji ikikuja huku kwetu, utavaa nini?

Mizani akatazama vidole vyake. Kamusi akavuta kola ya koti lake. Muema akajiona tena ukingoni na kaptura ile ile, amejifunza yote, anatetemeka vile vile.

Saba ya kuazima haingemfaa kitu huku, akachagua ya katikati, akaandika: *Tano. Lakini naomba kujua, tukimaliza, nguo itakuja nami Garissa?* Akamtumia mwalimu, na nakala kwa mkubwa wake wa kaunti.

Mwalimu alijibu upesi: tano ni sawa, hilo lingine uliza ofisi yenu. Kwa mkubwa ilionekana kwamba ujumbe umesomwa. Ikaonekana kwamba anaandika. Kisha ikaacha kuonekana.

Shiko akainamisha chupa juu ya kikombe cha Hadiyo, likatoka tone moja.

— Imeisha, akasema, lakini hakuna aliyeinuka. Wote walikuwa wameiinamia simu ya Muema.