Papa Ruphin Mujinga, Aliyeikata Kutu ya Peugeot ya Baba Yake (1971–2025)

Wachungaji, wazee wa familia, majirani wa avenue yetu, na mafundi wote mulioweka nyundo chini leo, aksanti kwa kuja kulia pamoja nasi. Binti wa kwanza wa marehemu ndiye aliyeombwa kuandika maisha ya papa yake. Kabla ya kuanza aliuliza wakubwa nini kisemwe na nini kiachwe, na wazee wakaanza kubishana. Mama Ngalula, mama mzazi wa marehemu, alikuwa ameketi kwenye mkeka wa kilio. Alisema bila kuinua kichwa: "Andika byote. Ku mwisho yeye hakupakaka mastiki juu ya kutu. Na weye usipake." Kwa hiyo tunasoma yote.

Papa Ruphin alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Lubumbashi, komini ya Kenya, mtaa wa mji huu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Papa Clément, karani wa stesheni ya treni, na Mama Ngalula, aliyeuza samaki wa chumvi sokoni. Wazazi wote wawili asili yao ni Kasai. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni alipozaliwa, na kwa desturi ya kwao mtoto wa namna hiyo huitwa Mujinga, si kwa maana ya mjinga. Baadaye, alipokuwa fundi, wenzake walimcheka: "Huyu alizaliwaka na waya ku shingo, atafanya kazi gani ingine?" Naye alikuwa akicheka nao.

Mwaka wa 1977 alizaliwa mdogo wake Jeannot. Wakati ule Papa Clément alikuwa na Peugeot 404 ya rangi ya maziwa. Jumapili familia ilikwenda nayo kanisani. Mbele, karibu na dereva, palikuwa pa Mama Ngalula na kitambaa chake cha kichwa. Nyuma Ruphin na Jeannot waligombania dirisha. Marehemu alisimulia kwamba siku moja Jeannot alitoa kichwa nje, upepo ukapeleka kofia yake ya kanisa mpaka barabarani, na Papa Clément alikataa kusimama. "Kofia iliangalia motokari inakwenda, na sie tuliangalia kofia inabakia," alikuwa akisema. Ndiyo hadithi pekee ya Jeannot aliyoweza kuisimulia mpaka mwisho.

Shule ya msingi aliisoma hapa hapa komini ya Kenya, kisha akaingia shule ya ufundi, upande wa mekaniki. Hakupata diploma. Mwaka wa 1993 familia nyingi za asili ya Kasai zilikuwa zimefukuzwa manyumbani, eti warudi kwao, zinalala stesheni zikingoja treni. Familia ya Papa Clément haikufika stesheni. Jirani mmoja, mwenyeji wa hapa, aliwaingiza katika lupango lake, ua wa nyuma ya nyumba, na kuwafungia mlango. Motokari nayo ilifichwa pale, chini ya mabua ya mahindi, tangu mvua za kwanza mpaka za mwisho. Mabua yale yalishika maji, na kutu ikaanza pale.

Binti wa jirani yule ndiye aliyewaletea maji ya kunywa asubuhi. Jina lake Chileshe. Tarehe 17 Julai 1999 Papa Ruphin alimuoa. Siku ya harusi mzee jirani alisema mbele ya watu: "Nilificha kijana ku lupango langu, sasa anabeba binti." Watu walicheka sana. Mungu aliwapa watoto watatu: Chancelvie, Dan na Séphora. Mama Chileshe anasema kwamba katika miaka yote ile bwana wake hakumwinulia sauti, isipokuwa siku mama alipofua kombinezo lake la kazi pamoja na nguo za mtoto.

Kazi ya kunyoosha na kuchomea mabati ya motokari aliianza mwaka wa 1994, na kazi ya waya za umeme alijifunza kwa rafiki yake Mardochée. Walifanya kazi pamoja kwenye kiwanja kimoja cha mafundi mpaka mwisho. Papa Clément alifariki mwaka wa 1996 na kuwaachia watoto Peugeot. Ruphin alikuwa anaitengeneza na Jeannot anaiendesha taksi. Kwa pesa ile nyumba nzima ilikula.

Sasa tunafika pale wazee walipobishana.

Kutu ilikuwa imekula kizingiti cha chini ya milango, ule ubavu unaobeba motokari yote. Dawa yake ni kukata chuma kibovu na kuchomea kipya. Lakini taksi ikilala, nyumba inalala njaa. Papa Ruphin alijaza magazeti ndani ya tundu, akapaka mastiki juu, ule udongo wa mafundi unaokauka kama jiwe, kisha akapiga rangi. Iling'aa. Watu walimsifu.

Asubuhi ya tarehe 21 Desemba 2002, Jeannot alitaka kwenda Likasi kuchukua mizigo ya Noël, yaani Krismasi. Taa zikakataa. Waya mmoja ulikuwa umeungua, na fusible yake imekatika, kile kipande kidogo kinachokubali kufa ili waya zisishike moto. Papa Ruphin aliunga waya ule na kipande cha waya wa nyumba. Fusible hakuwa nayo. Alichukua karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akaikunja, akaisukuma pale, kama mafundi wengi wa mji huu wanavyofanya.

"Yaya, fanya mbio, banamingoya," Jeannot alimhimiza kaka yake, kwa kuwa wenye mizigo walikuwa wakimngoja.

"Itafika. Ukirudia, nitatengeneza muzuri."

Wakati wa kurudi, magunia yalikuwa yamejaa nyuma mpaka juu. Karibu na Likasi moshi ulitoka chini ya usukani. Jeannot alisimama vizuri kando ya barabara, akashika mlango. Chini ya uzito wa magunia kizingiti kilikuwa kimepinda, na mwili wa motokari ulikuwa umeuma mlango. Mlango wa upande wa pili ulikuwa umefungwa kwa waya tangu zamani. Watu walivunja kioo wakamtoa, lakini moto ulikuwa umetangulia. Alifariki tarehe 24 Desemba 2002 katika hospitali ya Likasi. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, bila mke, bila mtoto.

Kwenye kilio kile Mama Ngalula alimwambia Ruphin mbele ya watu wote: "Ni weye ulifungiaka mutoto wangu mule." Papa Ruphin alijibu: "Ni mie, mama."

Kabla ya siku ile Mama Ngalula alikuwa akimwita "papa," kama mama wa kwetu wanavyoita watoto wao wa kiume. Baada ya siku ile alimwita "fundi." Fundi, chakula iko tayari. Fundi, mvua inaingia mu chumba. Hakumfukuza, hakumnyima bukari, ule ugali wa kwetu. Waliishi lupango moja. Watoto wa marehemu walikua wakidhani Fundi ni jina lake la nyumbani. Na Mama Ngalula hakupanda tena motokari yoyote iliyopita mikononi mwa Ruphin. Hata siku aliyougua malaria, alikwenda hospitali juu ya pikipiki, ameshikwa na jirani.

Mabaki ya Peugeot yalivutwa na lori mpaka nyumbani, yakawekwa nyuma ya jiko. Wanunuzi wa vyuma walikuja mara nyingi. Mama Ngalula aliwarudisha: "Mutoto wangu alibakiaka mule." Kuku walitaga mayai kwenye kiti cha nyuma, na hakuna aliyekula mayai yale.

Kwenye kiwanja Papa Ruphin alibadilika. Hakuunga waya tena. Alitoa waya mzima na kuweka mwingine. Dereva wa taksi alimwambia: "Papa, weka ka karatasi ka sigara, niko na haraka." Yeye alirudisha ufunguo mkononi mwa dereva na kukaa chini. Wengi walikwenda kwa mafundi wengine, na nyumbani tulikula mara moja kwa siku. Mama Chileshe hakulalamika. Alijua.

Baada ya Pasaka ya mwaka wa 2016, Papa Ruphin alisimama nyuma ya jiko na kumwambia mama yake kwamba anataka kutengeneza Peugeot.

Mama alikuwa akikoboa karanga. "Juu ya nini?"

"Ili siku moja upande, mama."

Alikoboa karanga mpaka zikaisha. "Fundi, kama unaigusa, uiguse yote."

Ile kazi aliifanya Jumapili baada ya misa, na siku za sikukuu. Alipiga chuma na nyundo ndogo akisikiliza. Chuma kizima kililia. Penye kutu palijibu kama mbao. Pale palipojibu kama mbao alikata, hata kama rangi juu ilikuwa nzuri. Alikata vizingiti, sakafu, sehemu za chini za milango, mpaka motokari ikabaki kama mifupa juu ya mawe, na ndani ya kizingiti cha kushoto alikuta magazeti yake mwenyewe. Aliyatoa mbele ya mama yake. Hakuyachoma. Aliyaweka miguuni pake, na Mama Ngalula aliyaangalia, kisha akaingia ndani.

Kisha zikaja waya. Alizitoa zote zilizoungua, akazilaza juu ya simenti kama mizizi ya mti uliong'olewa. Alipima kila mmoja na kuweka mpya, kutoka mwanzo wake mpaka mwisho, bila kiungo katikati. Waya nzuri ni ghali, kwa hiyo kila mmoja ulingoja zamu yake. Mama Ngalula alihamisha kiti chake kikawa karibu.

"Fundi, pale chini umeangalia?"

"Nimeangalia, mama."

"Angalia tena. Macho yako najua."

Naye alilala tena mgongo chini, akaangalia.

Majirani walimtania: "Papa Ruphin, Yesu atarudia atakuta iyi motokari iko juu ya mawe!" Yeye alijibu: "Akirudia mbele sijamaliza, atanisaidia kuvuta waya." Mjukuu wake Nono alipoanza kukaa, alimweka kwenye usukani, na kelele ya kwanza ya honi mpya ilipigwa na tumbo la mtoto yule. Papa Ruphin alicheka mpaka akakohoa. Wakati ule tulidhani ni kicheko tu.

Ugonjwa ulianza Mei 2024. Alikuwa amevuta vumbi la kutu, la rangi ya zamani na moshi wa kuchomea kwa miaka thelathini, na kitambaa tu mdomoni. Daktari alisema mapafu yamechoka na hayatarudi. Alipungua. Alifanya kazi ameketi, kisha Mardochée alimshikia taa, kisha akashika kazi yenyewe na marehemu akaelekeza kwa kidole. Mwezi wa Julai mwaka huu alilazwa hospitalini kwenye mashini ya oksijeni. Kulikuwa kumebaki waya mmoja tu, ule wa taa za nyuma.

Siku moja, Papa Ruphin akiwa hospitalini, Mama Ngalula aliingia peke yake ndani ya Peugeot, upande wa dereva, pale alipokuwa Jeannot. Akafunga mlango. Binti wa kwanza wa marehemu alikuwa akimnyonyesha Nono kwenye mlango wa jiko, akaona. Mama alifungua. Akafunga tena, akafungua tena, na tena. Mwisho alitoka, akasema kama anasema na ukuta: "Inafunguka."

Jioni binti alipeleka habari hospitalini. Papa Ruphin alitoa puani mpira wa oksijeni uliokuwa ukivuma, ili asikie vizuri.

"Alisema nini?"

"Alisema, inafunguka."

"Na alipanda? Alitembea nayo?"

"Hapana, papa. Waya ya nyuma bado."

"Basi bado," alisema, akarudisha mpira puani.

Papa Ruphin Mujinga alifariki Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, alfajiri, mkono wake ndani ya mkono wa Mama Chileshe. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Waya wa nyuma ulikuwa bado. Jina aliloitwa na mama yake kabla ya kifo cha Jeannot, hakulisikia tena.

Siku iliyofuata Mardochée alikuja kumaliza kazi. Mama Ngalula aliinuka kwenye mkeka akasimama karibu na Mardochée. "Umeunga pahali?" Mardochée akajibu: "Hapana, mama. Toka mbele mpaka nyuma, ni waya moya." Taa ziliwaka. Mama akasema: "Kesho kutwa motokari itafuata sanduku. Mardochée, weye utaendesha. Mie nitakaa mbele." Mama Chileshe alipomletea maji ya kunawa uso, alimsikia akisema peke yake: "Papa. Papa wangu. Nitapanda."

Marehemu anaacha mama yake, Mama Ngalula. Mjane wake, Mama Chileshe. Watoto wake Chancelvie, Dan na Séphora. Mjukuu wake Nono. Rafiki yake Mardochée. Na mafundi wa kiwanja, ambao anawaomba kwa mdomo wetu: muache karatasi ya sigara.

Papa Ruphin, msalimie Jeannot. Ulale kwa amani. Mama yuko ndani ya motokari, na mlango unafunguka.