Bi Salhiya Silima, Mkunga Aliyeomba Radhi Paje

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Salhiya Silima anatundika gauni lake jeupe baada ya miaka thelathini na sita ya ukunga, kumi na tisa kati yake akiwa nasi katika kliniki ya wajawazito wenye sukari. Anatimiza miaka sitini, ingawa saa yake ya mkononi, ambayo huitanguliza dakika kumi makusudi, inadai ameshastaafu.

Alizaliwa Bububu, akasomea ukunga mjini, akaanzia kazi shamba, nje ya mji. Sisi wa maabara tunamjua kwa mambo mawili: mwandiko wake, ambao hausomeki bila dua, na pua yake. Mama aliyekuja kupima akidai hajala, naye ameshakunywa chai ya maziwa na andazi, hakuwahi kumpita. Alimrudisha nyumbani kwa upole, na kesho yake akawa wa kwanza kumpokea.

Upole huo hakuzaliwa nao, na mwenyewe ametaka tuseme. Mwaka 2009 Riyama Nahodha, mkulima wa mwani wa Paje, alikuja na mimba ya miezi sita, akiwa ameshapoteza mtoto mmoja. Sukari ilikuwa juu. Bi Salhiya akamgombeza pale pale benchini kwa kula halua, mavyaa wake, Bi Mwanamwema, mama wa mumewe, akiwa kakaa ubavuni. Kliniki nzima ilisikia, na Paje nako kukasikia. Mavyaa akawasimulia majirani kuwa mkwewe atamuua na mtoto wa pili kwa ulafi. Kwa aibu Riyama akaacha kuja kliniki, kisha akaacha kula.

Jumanne mbili, siku za kliniki yetu, zilipita bila yeye kuonekana. Ya tatu Bi Salhiya akaomba ruhusa, akaenda Paje mwenyewe. Alimkuta Riyama amekonda. Akakaa mkekani mbele ya mavyaa na majirani wale wale, akasema: "Nlikosea mimi, si yeye. Halua apunguze, lakini si halua iliyomtia maradhi. Kondo hilo."

Akawaeleza kwa maneno tunayoyatumia mpaka leo. Kondo la nyuma, kadiri linavyokua, hutoa homoni zinazoizuia insulini ya mama isifanye kazi sawasawa, ili sukari ibaki kwenye damu imfikie mtoto. Kongosho la wengi huongeza insulini likamudu. La wengine huzidiwa. Juu yake huja uvimbe wa ndani kwa ndani, usioonekana kwa macho, unaochochewa na kondo lenyewe na mafuta ya mwili, nao huzidi kuidhoofisha insulini. Hakuna mama anayejichagulia hayo.

Riyama alirudi wiki ile ile. Alikula kwa mpango, akachomwa insulini, akajifungua Ilham, ambaye sasa yuko kidato cha tatu na anampita mama yake kwa urefu. Kila Idd Bi Mwanamwema humletea Bi Salhiya kikapu cha halua, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Tangu hapo ikawa kanuni yetu: mama hupewa jibu lake faraghani, kisha, akiridhia, wakubwa wake huitwa ndani waelezwe sababu. Wapo madaktari waliolalamika kuwa foleni inachelewa. Bi Salhiya hakubishana nao. Ndipo alipoitanguliza saa yake, akawa anaanza kazi mapema.

Mwezi uliopita Bi Mwanamwema alikuja na mke wa mjukuu wake. Binti akatoka chumbani na jibu lake, analia. Kabla muuguzi hajamfikia, bibi alishamkumbatia: "Usilie mwanangu, hukufanya kitu. Kondo hilo. Mimi nshaelezwa."

Bi Salhiya alikuwa mlangoni na mafaili mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho, akarudi mezani kwake.

Bi Salhiya, ahsante sana. Kapumzike Bububu, uirudishe saa yako nyuma, ule halua yako kwa nafasi. Tunakuombea afya na umri wenye baraka. Benchi usilihofie; umeshaliachia akina Bi Mwanamwema wa kulisemea.

Ayoub Mansour, Maabara